Mazoea ya Mchezaji wa Peke Yake

Mara nyingi twasikia walimu wakilalamika kwamba mtoto fulani hataki kubadilika: amefunzwa njia mpya ya kufanya hesabu, naye ang'ang'ania ile ya zamani. Kabla ya kumhukumu, twaomba msomaji atazame jambo lisilotajwa sana katika kurasa za ualimu, yaani michezo ya kompyuta ya kupigana kwa bunduki.

Tuchukue mchezo uitwao Halo: Combat Evolved, uliotolewa Marekani mwaka 2001. Huchezwa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza mchezaji huifuata hadithi akipambana na maadui wanaoendeshwa na mashine. Katika namna ya pili hupambana na wanadamu wenzake, hata 16 kwa pamoja mashine zikiunganishwa. Silaha ni karibu zile zile. Kilichobadilika ni adui.

Ndani ya hadithi wamo viumbe waitwao Flood, ambao humjia mchezaji mbio, makundi kwa makundi. Bunduki ya marisau huwafyeka, lakini risasi ya bunduki ya kulengea mbali huwapitia bila kuwadhuru sana. Baada ya saa nyingi za mapambano hayo, mkono wenyewe huikimbilia marisau. Basi siku akutanapo na wanadamu, mchezaji huyu huitafuta silaha yake ile ile. Lakini mwanadamu hamjii mbio! Hujificha nyuma ya mwamba, hurudi nyuma, hupiga kutoka mbali. Hapo ile bunduki iliyodharauliwa huua kwa risasi moja ya kichwa, na bastola ya risasi 12, yenye darubini yake, huishinda kwa mbali bunduki ya rashasha yenye risasi 60.

Wako wasemao kwamba kupenda silaha hii au ile ni hiari ya mtu tu. Sisi hatukubali. Thorndike na Woodworth walikwisha kuonyesha mwaka 1901 kwamba zoezi la kazi moja husaidia kazi nyingine kwa kadiri tu ya mambo yanayofanana baina yake.

Sasa turudi darasani. Ukurasa una kichwa "Kutoa", na chini yake hesabu kumi, zote za kutoa. Mtoto hana haja ya kusoma swali. Kichwa kimekwisha kumpa silaha. Kisha tunamwuliza: Asha ana maembe 7, nayo ni pungufu kwa 3 kuliko ya Juma, Juma ana mangapi? Mtoto aona neno "pungufu", atoa, aandika 4. Sisi wenyewe tuliandika ubaoni kurasa za namna hiyo mwaka mzima, kisha tukawaita watoto wazembe.

Kumnyang'anya mtoto njia yake hakusaidii, kwani kutoa si kosa. Tuchanganye maswali tangu zoezi la pili au la tatu, na tuwaache watoto watungiane hesabu wawili wawili, kila mmoja akijaribu kumtega mwenzake. Wiki ya kwanza alama zitashuka, na mwalimu mkuu huenda akauliza sababu. Mwalimu kijana na amwonyeshe swali la maembe.