Kabla ya Kukaza Parafujo
Naona ni wajibu kusema kwamba yeyote aazimuye kupachika mashine kongwe ya British Seagull, ile ya kufungwa nyuma ya chombo, kwenye mashua ya mbao ya zamani hana budi, kabla ya kukaza parafujo hata moja, kupima kimo cha ubao wa tezi, ili rafadha izame chini ya mkuku pasipo kuvuta hewa, na kuuimarisha ubao huo kwa mti mgumu upande wa ndani, kwani mtetemo wa mashine hulegeza misumari na kalafati. Na katika mafuta asifanye ubahili: mashine za kale za aina hiyo zataka sehemu 1 ya oili kwa 10 za petroli, na apunguzaye oili huiangamiza mashine yenyewe.