Saa 60 kwa Siku 14

Maktaba nyingi za umma nchini Marekani huazimisha vitabu vya kusikiliza katika simu, kwa programu kama Libby, kwa muda wa siku 7, 14 au 21. Muda ukiisha kitabu hujirudisha chenyewe, hata kama msikilizaji amefika katikati. Na wakiwapo wengine wanaokingoja, hana budi kurudi nyuma ya foleni, kwani kwa kawaida kibali kimoja kilicholipiwa na maktaba hutumiwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, kana kwamba ni nakala ya karatasi.

Dawa inayoshauriwa mara nyingi ni kuongeza kasi ya sauti. Msomaji na achukue kalamu. War and Peace ya Leo Tolstoy, ikisomwa nzima kwa Kiingereza, huchukua kiasi cha saa 60. Kuimaliza kwa siku 14 kwataka saa 4 na dakika 17 kila siku. Kasi ikiwa mara moja na nusu, saa 60 huwa 40, na sehemu ya kila siku hushuka hadi saa 2 na dakika 51.

Ufundi wenyewe wapendeza. Sahani ya santuri ikizungushwa upesi, sauti ya msomaji huwa nyembamba kama ya ndege. Lakini mwaka 1954 Grant Fairbanks na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois walieleza njia nyingine: kukata vipande vifupi mno vya sauti, kisha kuyaunganisha masalio. Irabu moja hudumu zaidi ya kipande kilichokatwa, basi sikio bado huitambua, na sauti haibadiliki unene wake.

Hata hivyo, kusikia si kuelewa. Msomaji wa kitabu husema yapata maneno 150 kwa dakika. Emerson Foulke na Thomas Sticht walionyesha mwaka 1969 kwamba ufahamu hushuka kwa haraka kasi ipitapo kiasi cha maneno 275. Mara moja na nusu ni maneno 225. Mara mbili ni 300, nasi tumekwisha kuvuka mpaka. Mwanafunzi asikilizaye lugha ya kigeni hulemewa mapema zaidi.

Kwa maoni yangu kosa limo katika kalenda. Hadithi ya saa 6 na riwaya ya saa 60 hupewa siku zilezile, kama kwamba sauti nayo yaweza kupitiwa kwa macho. Saa 60 zikigawanywa kwa siku 21, jibu ni saa 2 na dakika 51: siku 7 za nyongeza zafanya kazi ileile ya kasi ya mara moja na nusu, bila kuigusa sauti. Yapasa basi muda wa kuazima upimwe kwa saa za kitabu. Atakayesema kwamba foleni itarefuka na akumbuke kuwa kitabu kilichoachwa katikati huazimwa na mtu yuleyule mara ya pili.