MTIHANI WA KIINGEREZA: TUSIENDE MIKONO MITUPU



Wenzetu wengi siku hizi watafuta kazi na masomo ng'ambo, na mlangoni wakuta mtihani wa Kiingereza. Mwaka 2021 Kenya ilipatana na Uingereza juu ya kupeleka wauguzi huko. Mwaka ule ule Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw. Mutahi Kagwe, alitangaza ya kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani, 10 tu ndio waliofaulu. Wako waliocheka. Sisi hatukuona la kuchekesha.

Wauguzi wetu hujifunza kazi kwa Kiingereza, na kila siku huandika habari za wagonjwa kwa lugha hiyo. Twaamini shida kubwa ni ugeni wa mtihani wenyewe. Ule utumikao sana, IELTS, una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema, na alama ya juu ni 9. Maneno ya kusikiliza husikika mara moja tu. Kusoma ni maswali 40 kwa saa moja. Kuandika ni saa moja pia: maneno 150 ya kueleza chati, na 250 ya kutoa hoja. Baraza la wauguzi la Uingereza lataka 7 katika kila sehemu, ila kuandika 6.5. Nayo matokeo hudumu miaka miwili tu. Mtu aliyezoea wodi miaka kumi aweza kushindwa na saa ile moja.

Kwa hiyo twasema mambo matatu.

Kwanza, mwanachama asilipe ada kabla ya kujipima nyumbani kwa karatasi za mazoezi, saa ikiwa mezani. Na amkimbie wakala auzaye vyeti. Matokeo hukaguliwa huko yanakopelekwa, na mwenye cheti cha uongo hupoteza pesa na safari pamoja.

Pili, matawi yaanzishe darasa la jioni. Aliyefaulu awafundishe wenzake.

Tatu, tajiri wa ng'ambo ahitajiye kazi yetu ndiye alipe ada ya mtihani, wala asije akaikata katika mshahara baadaye. Serikali ikipatana tena na nchi yo yote, jambo hili liandikwe katika mkataba.

Tawi lo lote lililo tayari kuanza darasa na limwarifu Katibu kabla ya mkutano ujao.