Njooni Kabla Mfereji Haujafukiwa

Minada ya korosho ikiisha na fedha za chama kikuu cha ushirika cha RUNALI zikishaingia kwa wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vijiji hubadilika sura. Pita Chiola uone: nyasi zinashuka, bati zinapanda. Na mwenye nyumba wa leo hataki tena choo cha uani. Anataka cha ndani, cha kuvuta maji. Ni haki yake, ameitolea jasho.

Kinachoniudhi ni kinachofuata. Ili aungiwe maji anajaza fomu, analipa, anasubiri. Sheria tunazo: Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009; Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kuweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Lakini macho ya wakubwa yanaishia kwenye mita. Kutoka mita kuingia ndani, fundi yeyote mwenye msumeno na gundi anachimba, anaunga, anafukia, anaondoka. Bomba halina nembo ya TBS, shirika la viwango, limelazwa shibiri moja chini ya udongo, tena kando ya shimo la choo!

Mnajua maji yakikatika kunatokea nini? Bomba lililokosa presha hufyonza. Penye ufa huvuta kilichoko nje, na kama jirani yake ni shimo la choo, huvuta kinyesi. Maji yakirudi, anayekunywa ni mtoto wa nyumba ya tatu. London mwaka 1854, kisima cha Broad Street kiliua mamia kwa kipindupindu. Shimo bovu la choo lilikuwa halifiki hata mita moja kutoka kisimani. Nasi 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam kikasambaa nchini, tukazika. Tunangoja nini tena?

Wapo wanaosema ukaguzi wa bomba la ndani utamwongezea mkulima gharama. Nawakatalia kabisa. Gharama ameshaibeba: analipia kibali kisichomlinda, analipia maji yanayovuja chini ya sakafu, kisha anamlipa fundi wa pili avunje vigae alivyovinunua kwa korosho.

Afisa afya na fundi wa chombo cha maji waje mfereji ukiwa wazi. Koki zifungwe, bomba lijazwe maji kwa presha, maungio yakaguliwe moja moja. Ni kazi ya saa chache tu. Asipokuja mtu, ada irudishwe. Halmashauri zote tatu zitangaze siku za ukaguzi kijiji kwa kijiji kabla ya msimu ujao. Wala fundi wa mtaani asifukuzwe: VETA, mamlaka ya ufundi stadi, inarasimisha ujuzi uliopatikana kazini, basi apimwe, apewe cheti, na jina lake liandikwe kwenye fomu ya mwenye nyumba, ili bomba likipasuka ajulikane wa kuitwa.