Foleni ya Hataza Isiuzwe

Mvua zinapoanza, wanawake wanaoanika dagaa katika mialo ya Musoma hupata hasara ile ile waliyoipata mwaka uliotangulia. Dagaa waliotandazwa mchangani hulowa, huvunda, na mwisho huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Huko Bunda, mkulima ambaye shamba lake limepakana na hifadhi ya Serengeti hukesha akipiga madebe ili tembo wasimmalizie mtama. Hakuna mkubwa wa kiwanda cha Tokyo wala cha Berlin anayekosa usingizi kwa ajili ya mambo hayo. Dawa yake, ikipatikana, itatoka kwa fundi wa vyuma wa Musoma, kwa kijana wa sekondari ya kata, au kwa mtafiti wa kile chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kilichopewa jina la Mwalimu Nyerere na kuwekwa Butiama, wilaya ile ile ya Mwitongo alikozikwa Mwalimu.

Chukuliwe basi kwamba fundi huyo amefaulu. Ametengeneza kaushio la dagaa lisilohitaji kuni nyingi wala jua kali. Asipoilinda kazi yake, mwenye mtaji ataitazama mara moja, ataiiga, na kabla ya msimu kwisha ataijaza madukani huku fundi akibaki na sifa za kijiweni. Ulinzi wenyewe ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake kwa muda uliowekwa na sheria. Lakini hataza haitolewi siku ya kuombwa. Maombi hupangwa katika foleni, na mchunguzi hana budi kuthibitisha mambo matatu: kwamba kitu hicho ni kipya duniani kote, kwamba si jambo ambalo fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angelibuni bila jasho, na kwamba kinaweza kutengenezwa na kutumika. Hiyo ni kazi ya miaka, si ya wiki. Na uhai wa hataza huhesabiwa tangu siku ya kuwasilisha maombi. Sheria ya mwaka 1987 iliweka miaka 10, yenye kuongezwa mitano mara mbili. Kila mwaka unaopotea kwenye foleni ni mwaka ulioliwa katika haki yenyewe.

Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba uchunguzi uharakishwe. Ubishi ni juu ya nani aharakishiwe, na kwa sababu gani.

Ipo rai, nayo husemwa kwa kujiamini sana, kwamba dawa ya foleni ni fedha. Wenye rai hiyo huelekeza kidole Marekani, ambako tangu mwaka 2011 mwombaji huweza kulipa ada ya ziada, ya maelfu ya dola kwa kampuni kubwa, na maombi yake yakatangulia ili yapate jibu la mwisho katika muda wa kama mwaka mmoja. Ni kweli kwamba mnyonge hupunguziwa ada hiyo. Ni kweli pia kwamba hata huko idadi ya wanaoruhusiwa kupita njia hiyo kila mwaka imewekewa kikomo, kwa maana wenyewe wanatambua kwamba kila anayetangulizwa anamrudisha mwingine nyuma. Ofisi yenye maelfu ya wachunguzi huenda ikastahimili mchezo huo. Ofisi yenye wachunguzi wachache haiwezi. Mchunguzi mmoja akiondolewa kwenye faili la kaushio la dagaa ili alishughulikie faili la kampuni ya ng'ambo iliyolipia, faili la dagaa linasimama. Hakuna hesabu nyingine.

Watu wazima wa nchi hii hawahitaji kufundishwa maana ya kuuza nafasi katika foleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walisimama mbele ya maduka wakingoja sukari na sabuni, wakawaona wenye fedha wakihudumiwa kwa mlango wa nyuma. Jambo hilo halikuitwa ufanisi wa huduma. Liliitwa ulanguzi, na mwaka 1983 Serikali ililipiga vita. Kuuandikia mlango wa nyuma risiti na kuupandisha kibao hakuubadilishi kuwa mlango wa mbele.

Tena nchi hii ina sababu yake ya pekee ya kuwa na wivu katika jambo la hataza. Chini ya sheria iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, hapakuwa na hataza ya Tanganyika inayojitegemea; kilichosajiliwa nchini ni hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Fundi wa Musoma aliyetaka kulinda kifaa chake Musoma alitakiwa kwanza aipate haki hiyo London. Bendera ilipandishwa mwaka 1961, lakini Bunge halikupitisha sheria ya kuliondoa jambo hilo hadi mwaka 1987, miaka 26 baadaye, na sheria yenyewe ikangoja hadi miaka ya 1990 ndipo ianze kutumika. Baada ya safari ndefu namna hiyo, itakuwa ajabu kumwambia fundi yule kwamba sasa mlango ni wake, ila wenye dola wapite kwanza.

Wengine hawataki fedha. Wanataka uchunguzi wenyewe uachwe. Ofisi ikague fomu, ipokee ada, igonge mhuri. Rai hii ni ya hatari kuliko ya kwanza kwa sababu inapendeza masikioni. Afrika ya Kusini imekuwa ikitoa hataza kwa utaratibu wa kukagua fomu bila kuupima uvumbuzi wenyewe, na mwezi wa Julai 2021 ilitoa hataza ambayo mvumbuzi aliyetajwa ndani yake si mtu bali ni programu ya kompyuta iitwayo DABUS. Maombi ya namna hiyo hiyo yalikataliwa Marekani, na Uingereza yakakataliwa hadi Mahakama ya Juu mwezi wa Desemba 2023. Mtu anaweza kucheka. Lakini hataza isiyochunguzwa si karatasi ya kuchekesha inapokuwa mkononi mwa mwenye mawakili. Huyo anaweza kujiandikishia kichanja cha kuanikia ambacho wavuvi wamekitumia tangu enzi za babu zao, akawatisha kwa barua ya madai, nao wasiwe na nauli ya kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba kitu hicho si kipya. Uchunguzi ndio ngao ya mnyonge. Kuharakisha uchunguzi ni jambo moja, kuufuta ni jambo jingine kabisa.

Nafasi ya mbele katika foleni inaweza kutolewa kwa haki pale kigezo kinapokuwa haja ya watu badala ya mfuko wa mwombaji. Hilo si ndoto. Marekani hiyo hiyo humtanguliza bila ada mwombaji aliyetimiza miaka 65 au mwenye afya mbaya, kwa kuwa si utu kumwacha mzee afe akingoja. Uingereza ilifungua mwaka 2009 njia ya uvumbuzi wenye manufaa kwa mazingira: mwombaji hueleza manufaa hayo, naye huharakishiwa pasipo kulipia haraka hiyo. India iliruhusu kampuni changa mwaka 2016, na mwaka 2019 ikaongeza wanawake na wenye viwanda vidogo. Kwa Tanzania vigezo vinajionyesha vyenyewe: chakula kisioze, maji yawe safi, mgonjwa apate dawa, mchimbaji mdogo wa Buhemba asivute mvuke wa zebaki. Maombi ya aina hiyo yakitangulizwa, hata anayerudishwa nyuma ataelewa kwa nini.

Ziko pia njia za kuharakisha ambazo hazimrudishi mtu yeyote nyuma, na ni ajabu zinavyotajwa kwa nadra. Mwaka 2006 Japani na Marekani zilianza utaratibu ambao mwombaji aliyekubaliwa na ofisi moja huharakishiwa katika ya pili, kwa kuwa sehemu ya utafutaji imekwisha kufanyika. Kazi haifanywi mara mbili. Afrika ililitambua jambo hili mapema zaidi: Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo Tanzania ni mshiriki wake, inamruhusu mwombaji kuwasilisha maombi yake katika ofisi ya nchi yake, nayo huyapeleka Harare yachunguzwe mara moja kwa ajili ya nchi zote alizozitaja. Kadhalika Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Tanzania iliingia mwaka 1999, humpa mwombaji taarifa ya utafutaji wa kimataifa, na mwombaji wa nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo hupunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa ya kuwasilisha. Ni watumishi wangapi wa halmashauri za Mara, ambao kila siku huulizwa na mafundi habari za leseni na kodi, wanaolifahamu punguzo hilo?

Hapo ndipo lawama inapowageukia wasomi wenyewe. Muda mwingi hupotea kabla faili halijafika kwa mchunguzi na kila linaporudishwa. Maelezo hayaeleweki. Michoro haina vipimo. Madai, yaani zile sentensi zinazotaja hasa mwombaji anataka kulinda nini, yameandikwa kama wasifu wa mgombea. Mchunguzi huandika barua kuomba ufafanuzi, barua hukaa, jibu huja nusu, na miezi inakwenda. Mwalimu wa fizikia wa Musoma anaweza kuizuia barua hiyo isiandikwe kamwe, akikaa jioni mbili na fundi kupanga maelezo, kisha akapekua naye hifadhi ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani, iliyo wazi bila malipo na yenye nyaraka za hataza zaidi ya milioni 100. Ikigunduliwa humo kwamba kifaa hicho kilikwisha kubuniwa kwingine, fundi ameokoa ada yake, na foleni imepungua kwa faili moja.

Mwalimu huyo huyo anaweza kumwepusha mwanafunzi wake na kosa lisilo na dawa. Tangu mwaka 2019 yapo mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, nayo ni jambo jema. Lakini kijana akikipeleka kifaa chake kwenye maonyesho, akakieleza mbele ya umati na kamera kabla ya kuwasilisha maombi, anaweza kuupoteza upya ambao sheria inaudai. Hapo uchunguzi ukiwa wa siku moja hautamsaidia. Utamfikishia tu haraka habari ya kukataliwa. Siku ya kuwasilisha ndiyo inayomlinda dhidi ya anayekuja nyuma yake, na siku hiyo haiongezwi thamani na ada yoyote ya haraka. Aidha, Sheria ya 1987 haikuweka hataza peke yake. Iliweka kando yake hati ndogo kwa uvumbuzi wa kimatumizi usiofikia kimo cha hataza, na kaushio la dagaa au king'ora cha kufukuzia tembo huenda mahali pake hasa ni hapo. Wengi wanaosimama katika foleni ndefu hawajawahi kuambiwa kwamba ipo fupi.

Ofisi za Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo zipo mikoani, chuo kikuu kipo Butiama, na shule za sekondari za kata zipo. Kinachotakiwa Musoma ni dawati moja, lenye mtumishi anayejua kusoma madai ya hataza, na tangazo mlangoni linaloeleza kwa Kiswahili ni maombi gani yanayotangulizwa na kwa sababu gani, ili siku faili la kampuni kubwa litakapoonekana limelipita la fundi, fundi aweze kusimama mbele ya tangazo hilo na kuuliza ni kigezo kipi kilichotumika.