Kukataa lumbesa si ubinafsi

Wasee, kuna neno tunalitumia vibaya: ubinafsi.

Juzi hapa Keringet broka alikuja shambani kwetu na magunia yake. Mathe akamwambia viazi vitatoka kwa gunia la kilo 50, hakuna lumbesa. Broka akang'aka, "Mama, wacha ubinafsi! Wenzako wote wamejaza." Na majirani wakaitikia.

Hebu tulia. Neno "binafsi" lenyewe halina kosa. Tunasema maoni binafsi, shule ya kibinafsi, na hakuna anayekasirika. Kutetea chako si dhambi. Ubinafsi, ama umimi, ni pale unapojishibisha ukijua mwenzako ndiye atalipa.

Sasa pima. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Lumbesa inabeba kilo nyingi zaidi, lakini unalipwa gunia moja tu. Mbegu, mbolea na mgongo wa aliyechimba, hiyo ni juu yako. Hapo mbinafsi ni nani?

Na tusimlaumu broka peke yake. Jirani anayejaza lumbesa usiku ndiyo auze kabla yako, huyo naye anakuuza. Mmoja akikubali, wote tunabanwa.

Kwa hivyo ukiitwa mbinafsi, jiulize: nikikubali, nani atalipa? Kama ni wewe na kijiji chako, kataa bila aibu.

Broka alienda. Viazi vyetu bado viko kwa stoo, na vinaanza kuota. Mathe hajabadilisha msimamo. Wewe ungesimama na nani?