KIDERI HAKIOGOPI MAJI YA RANGI



Tumechoka kuzika kuku. Kiangazi kilichopita mabanda mengi ya kitongoji cha juu yalibaki na manyoya tu, na wenyewe walikuwa wamelipa hela! Walilipia nini? Chupa za "dawa ya kuongeza kinga" alizopandisha mlimani mchuuzi mmoja siku ya gulio. Kuku wakanywa, wakachangamka siku tatu. Kisha shingo zikapinda, kinyesi kikawa cha kijani, basi.

Hatusemi vitamini ni uongo. Hata shubiri na pilipili ambazo bibi zetu hutia kwenye maji ya kuku hatuzidharau, na wataalam wanachunguza vitu vya kuamsha kinga ya mwili, vingine vinatokana na hamira. Lakini kuamsha kinga tu ni kama kuwaamsha mgambo usiku bila kuwaambia mwizi ni nani. Watakimbia huku na huku, mwizi atapita. Chanjo ndiyo inayowaonyesha sura yake. Kideri hakina tiba, ndugu zangu.

Na chanjo ipo. Ni ile ya I-2, mbegu yake ilitoka Australia na sasa inatengenezwa hapa hapa nchini. Tone moja jichoni, kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, kila baada ya miezi mitatu. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, kwa hiyo asitokee mtu wa kusema Matombo hatuna friji. (Si kwamba uianike juani!)

Sasa tujikosoe wenyewe. Chupa moja ya chanjo inatosha kuku mia na zaidi, na ikishafunguliwa haingoji. Mwenye kuku wanane anaona hasara, anakwenda kununua maji ya rangi peke yake. Mkutanoni tulikubaliana kuchanja pamoja. Siku ilipofika walikuja wangapi? Na wengine walileta kuku walioanza kusinzia. Walipokufa, ikalaumiwa chanjo. Chanjo haimponyi aliyekwisha ugua, na hata mzima anahitaji kama wiki mbili kinga ijijenge. Wanaoumia ni akina mama, ambao kuku kwao ndio daftari la mtoto na ndio chumvi.

Idadi ya kuku iandikwe kwa mjumbe wa nyumba kumi kabla ya Ijumaa. Jumamosi alfajiri msifungue mabanda mpaka tupite. Na yule mchuuzi akirudi, mumwulize mbele za watu: chupa yako inazuia kideri? Imeandikwa wapi?